Mti Wenye Jina Ulifungwa Foili, Msitu Ukateketea

Septemba 2021, moto ukiwa umekaribia miti mikubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, California, wazimamoto waliuzungushia mti mmoja mashuka ya foili ya alumini, kuanzia ardhini hadi juu ya vichwa vyao. Picha zake zilizunguka dunia. Mti wenyewe, aina ya msekwoya mkubwa, unaitwa General Sherman. Una urefu wa mita 83.8, kipenyo cha takriban mita 11 kwenye kitako, na shina lake lina ujazo unaokaribia mita za ujazo 1,487. Hakuna mti wa shina moja unaojulikana duniani wenye ukubwa wa kuuzidi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 2,200 hivi. Ulisalimika.

Msimu huohuo, kwenye moto huo na mwingine uliowaka kusini yake, misekwoya mikubwa kati ya 2,261 na 3,637 ilikufa au ilihesabiwa kuwa itakufa ndani ya miaka michache. Karibu yote haikuwa na jina wala foili.

Siwalaumu wazimamoto. Kufunga foili ni kazi ya saa chache, na nani anataka kukumbukwa kama mtu aliyeacha mti mkubwa kuliko yote duniani uungue mbele ya macho yake? Ninachodai ni kingine. Tangu Wamarekani weupe walipoifikia misekwoya katikati ya karne ya 19, wameitazama mmojammoja, kama kitu cha maonyesho. Walioiharibu waliitazama hivyo, na waliokuja kuilinda wakarithi jicho lilelile. Lakini msekwoya haulindiki peke yake. Unaishi kwa kundi lake, kwa udongo wake na, jambo ambalo mgeni hulipokea kwa shida, kwa moto.

Kiasili misekwoya hii huota sehemu moja tu duniani: mteremko wa magharibi wa milima ya Sierra Nevada, kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,400 na 2,150 hivi, katika makundi yasiyofika mia moja yaliyotawanyika. Kuna kundi lenye maelfu ya miti, na lipo lenye miti isiyofika kumi. Isichanganywe na ile ya pwani ya California, iliyo myembamba na mirefu zaidi, ambayo ndiyo inayoshikilia rekodi ya urefu. Hii ya milimani inashikilia ya unene na uzito.

Maonyesho yalianza mapema. Mwaka 1852 mwindaji Augustus Dowd, kama inavyosimuliwa, alikuwa akimfukuza dubu katika eneo la Calaveras alipokutana na mti ambao wenzake hawakuamini habari zake. Mwaka uliofuata mti huo ukaangushwa. Hapakuwa na msumeno wa kuutosha, kwa hiyo wanaume watano walitoboa shina kwa keekee ndefu, tundu kando ya tundu, kwa siku 22. Hawakuwa wakitafuta mbao. Walitaka kitu cha kupeleka mijini kikaonyeshwe kwa kiingilio. Kisiki kilichobaki kilisawazishwa, watu wakacheza dansi juu yake. Mwaka 1854 ikawa zamu ya mti jirani, uliopewa jina la Mama wa Msitu: ulichunwa gome hadi kimo cha mita 35 hivi, vipande vikasafirishwa New York na kisha London, vikaunganishwa upya ndani ya jumba la maonyesho la Crystal Palace, na huko vikateketea kwa moto mwaka 1866. Mti wenyewe, ukiwa uchi, ulikauka.

Hata mwaka 1891, hifadhi ikiwa tayari imetangazwa, nje ya mipaka yake uliangushwa mti ulioitwa Mark Twain ili vipande vya shina vipelekwe kwenye makumbusho ya New York na London. Pete zake za ukuaji zilihesabiwa zikafika 1,341. Kisiki chake kipo hadi leo, kimewekewa ngazi za kupandia. Mantiki ya wakati ule inachekesha na kuuma kwa pamoja: watu wa mbali hawakusadiki kwamba miti ya namna hiyo ipo, basi ikabidi iuawe ili ithibitike.

Wakataji wa mbao walikuja na hesabu nyingine, na kwa idadi ndio waliofanya uharibifu mkubwa zaidi. Kundi la Converse Basin lilikuwa miongoni mwa makundi makubwa kabisa. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 karibu lote lilikuwa chini. Na kwa faida gani? Mbao za msekwoya mzee hukatika ovyo, mti ukigonga ardhi hupasuka vipandevipande, na sehemu kubwa iliachwa ikioza palepale. Kilichookolewa kiliishia kuwa nguzo za uzio na vigae vya mbao. Mti mmoja wa ajabu kwa ukubwa uliachwa umesimama katikati ya visiki, ukapewa jina la Frank Boole, meneja mkuu wa kampuni iliyokuwa ikikata mingine yote. Sijui kama aliyetoa jina hilo alikusudia kejeli.

Sheria za ulinzi nazo si za jana. Tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa, Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi jimbo la California Bonde la Yosemite pamoja na kundi la misekwoya la Mariposa, kwa sharti kwamba vibaki mali ya umma. Hifadhi ya Sequoia ilifuata tarehe 25 Septemba 1890, ikiwa ya pili kwa umri nchini humo baada ya Yellowstone. Lakini angalia kilichotokea Mariposa. Mwaka 1881, miaka 17 baada ya saini ya Lincoln, mti wa Wawona ulitobolewa tundu la kupitisha magari ya farasi, ndani ya eneo lililolindwa kisheria. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu hakuna sheria iliyovunjwa: tundu hilo lilikuwa huduma kwa wageni. Vizazi viwili au vitatu vilipigwa picha humo, kwanza na farasi kisha na magari, mpaka theluji ilipouangusha mti katika majira ya baridi ya 1969. Mwenzake wa Calaveras, uliotobolewa miaka ya 1880, ulianguka wakati wa dhoruba Januari 2017, na watu wengi wakaweka mitandaoni picha zao za zamani kwa majonzi. Majonzi ya kweli, nina hakika. Ni wachache tu walioandika kwamba tundu waliloliombolezea ndilo lililoudhoofisha.

Majina nayo ni sehemu ya maonyesho hayo. William Sherman alikuwa jenerali wa upande wa Kaskazini, na baada ya vita hivyo alisimamia jeshi lililopigana na makabila ya asili ya Marekani. Miaka ya 1880 wajamaa wa jumuiya ya Kaweah, waliotaka kuishi milimani humo na kuvuna mbao kwa ushirika, waliuita mti huohuo Karl Marx. Hifadhi ilipotangazwa jumuiya yao ikasambaratika na jina la jenerali likashika. Wamono na Wayokuts, waliokuwa wakipita, wakikaa na wakichoma majani chini ya miti hiyo kabla Sherman na Marx hawajazaliwa, hawakuulizwa.

Katika habari hii ya majina, anayenivutia ni Kapteni Charles Young. Alizaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1889, na kiangazi cha 1903 alipelekwa na askari weusi wa kikosi cha tisa cha farasi kuisimamia Hifadhi ya Sequoia. Ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kusimamia hifadhi ya taifa. Barabara ya kufika Giant Forest, kundi la misekwoya ulipo General Sherman, iliyokuwa ikijikokota kwa miaka, waliikamilisha msimu huohuo. Wenyeji walipotaka kuupa mti mmoja jina lake alikataa, akapendekeza la mwelimishaji mweusi Booker T. Washington, na kwa upande wake mwenyewe akawaambia wafikirie tena baada ya miaka 20. Mti wa Kanali Young ulipatikana mwaka 2004, yeye akiwa amefariki zamani. Katika historia iliyojaa watu waliobandika majina yao kwenye vitu wasivyovipanda, huyu mmoja alisema subirini.

Barabara yake ndiyo iliyowaleta wageni kwa wingi, na wageni wakaleta kijiji. Ndani ya Giant Forest, katikati ya misekwoya, vilijengwa hoteli, vibanda vya kulala, duka, kituo cha mafuta, maegesho na mifereji ya maji taka. Msekwoya hauna mzizi mkuu unaozama. Mizizi yake hushuka mita tatu au nne tu, kisha hutambaa zaidi ya mita 30 kutoka kwenye shina. Ukimwaga lami juu yake, au nyayo zikishindilia udongo mwaka hadi mwaka, maji hayapenyi na mche hauoti. Zaidi ya hayo, mti mkubwa huangusha matawi makubwa, na wakati mwingine huanguka mzima. Kwa hiyo miti iliyoonekana kuwa hatari kwa vibanda ilikatwa. Watu walisafiri kuja kuona miti, miti ikakatwa ili watu walale salama.

Kanali John White, aliyeiongoza hifadhi kwa muda mrefu kuanzia 1920, alilalamika mapema kwamba kijiji kile kinaua kilichowaleta watu. Alipunguza kidogo, akashindwa kukiondoa. Hoteli ina mwenyewe, na familia iliyolala chini ya mti fulani wakati watoto ni wadogo huona kulala pale ni haki yake ya urithi. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya mwisho ya 1990 ndipo majengo 282 yakabomolewa na takriban hekta 10 za lami zikang'olewa. Malazi yakahamishiwa nje ya eneo la misekwoya. Duka la zamani likageuzwa makumbusho. Leo anayekwenda kuuona General Sherman huacha gari mbali au hupanda basi la hifadhi, kisha hushuka kwa miguu kama nusu maili na kukuta mti umezungushiwa uzio.

Mariposa ilifuata njia hiyo. Ilifungwa kwa miaka mitatu, 2015 hadi 2018, na kwa mradi wa dola milioni 40 hivi maegesho na gari la kuzungushia wageni viliondolewa, vijito vikarudishiwa njia zao, na sehemu zenye unyevu zikajengewa njia za mbao zilizoinuliwa ili watu wasikanyage udongo. Kwa maoni yangu, kazi hizi mbili ndizo mfano bora wa utalii uliokubali kurudi nyuma. Sijui nchi nyingi ambazo zimebomoa hoteli yenye wateja kwa ajili ya mizizi.

Kwenye pwani mambo yalikwenda kinyume kidogo. Mti uitwao Hyperion, mrefu kuliko yote inayojulikana kwa takriban mita 116, hauna njia ya kuufikia, na hifadhi ya huko haikutangaza ulipo. Mtandao ukatangaza. Watu walikanyaga msitu hadi mimea ya chini ikatoweka kuzunguka shina, na mwaka 2022 eneo likafungwa rasmi, faini ikifika dola 5,000 pamoja na uwezekano wa kifungo cha miezi sita. Ukisimama chini yake, kilele hakionekani. Watu walikwenda kwa ajili ya jina.

Hadi hapa tumezungumzia shoka, tundu na nyayo, maadui ambao kila mtu anawaelewa. Sasa moto.

Gome la msekwoya mzee linaweza kufikia unene wa sentimita 60, halina utomvu wa kuwaka, na limejaa kemikali zinazowafukuza wadudu na kuvu. Koni zake zinaweza kukaa juu ya mti zikiwa zimefunga kwa miaka 20, zikisubiri. Kindi na mbawakawa hufungua chache, lakini anayezifungua kwa maelfu ni joto linalopanda kutoka kwenye moto wa chini. Mbegu ina uzito wa miligramu tano hivi, haina akiba ya chakula ya kutosha kupenya zulia la majani makavu, kwa hiyo inahitaji udongo mtupu na jua. Moto unafanya yote hayo kwa mpigo mmoja: unafungua koni, unasafisha ardhi, unaua miti midogo inayotia kivuli. Makovu kwenye pete za miti ya zamani yanaonyesha kwamba kabla ya ukoloni wa wazungu moto mdogo ulipita chini ya makundi haya mara kwa mara, mara nyingi kila baada ya mwongo mmoja au miwili, mwingine kutoka kwa radi, mwingine kutoka mikononi mwa watu.

Walinzi wa karne ya 20 waliuzima. Walifanya hivyo kwa nia njema na kwa ustadi mkubwa, kila moto, kila mwaka. Matokeo yake yalionekana taratibu: miche ya misekwoya ikaadimika, na misonobari na jamaa zake zinazovumilia kivuli zikasongamana, ndogo chini ya kubwa, mpaka moto ukiwaka unapata pa kukanyaga kutoka majani ya chini hadi kwenye vilele. Miaka ya 1960 mtafiti Richard Hartesveldt na wenzake walianza kuchoma kwa majaribio kwenye kundi la Redwood Mountain, na miche ikaota. Kuanzia 1968 hifadhi ikaufanya uchomaji wa makusudi kuwa sehemu ya kazi yake. Askari wetu wa hifadhi wana jina lao la kazi hiyo kwenye mbuga za nyasi, uchomaji wa mapema, na wanajua kwamba ugumu wake si kuwasha. Ugumu ni kumweleza mtu mwenye kamera kwa nini ardhi ni nyeusi.

Kiasi kilichochomwa hakikukaribia kilichohitajika. Kisha ukaja ukame wa 2012 hadi 2016 na joto lililozidi, ukaua miti mingi ya milimani na kuiacha imesimama mikavu. Agosti 2020 radi iliwasha moto ulioitwa Castle. Ulipokwisha, ilikadiriwa kuwa ulikuwa umeua misekwoya mikubwa kati ya 7,500 na 10,600, yaani asilimia 10 hadi 14 ya yote iliyokuwepo kwenye makazi yake ya asili. Ukijumlisha na vifo vya 2021, ndani ya miezi isiyozidi kumi na tano ilipotea kati ya asilimia 13 na 19. Shoka za Converse Basin zilihitaji miaka mingi.

Kuna mfano mmoja ambao ningeuweka mezani kwa kila mfadhili. Mwishoni mwa 2019 shirika la Save the Redwoods League lilikamilisha ununuzi wa kundi la Alder Creek, wakati huo kundi kubwa kuliko yote lililokuwa bado mikononi mwa watu binafsi, kwa zaidi ya dola milioni 15. Maelfu ya watu walichangia. Hati ikabadilishwa, hakuna tena aliyeweza kukata mti pale. Miezi minane baadaye moto wa Castle ulipita ndani yake na kuua miti ya kale kwa makumi. Shirika halikukosea kununua. Lakini hati ya ardhi ilizuia adui wa 1890, na aliyebisha hodi alikuwa mwingine.

Turudi kwa Sherman. Kilichomwokoa kwa sehemu kubwa ni kazi isiyopigwa picha: Giant Forest ilikuwa imechomwa kwa makusudi, kipande kwa kipande, kwa miongo kadhaa. Moto wa 2021 ulipofika ukingoni mwake ulikosa chakula, ukashuka, na wazimamoto wakaweza kuukabili. Penye mrundikano wa kuni, kwenye baadhi ya miteremko ya Redwood Mountain na kwingineko, moto huohuo ulipanda vileleni. Mwaka 2022 hadithi ilijirudia Mariposa: moto wa Washburn ulitishia kundi zima, na uchomaji wa makusudi uliofanywa Yosemite tangu mapema miaka ya 1970 ukatajwa na wahifadhi kuwa ndio uliowapa nafasi ya kulitetea. Foili ikabaki kwenye vichwa vya habari, kazi ya miaka 50 ikabaki kwenye ripoti.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita juujuu. Moshi. Chini ya milima hiyo liko Bonde la San Joaquin, ambalo hewa yake ni miongoni mwa zilizo chafu zaidi Marekani, na wanaoivuta kutwa nzima ni vibarua wa mashambani, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico, ambao hawana bajeti ya kupanda mlimani kutazama miti. Ni rahisi kwa mchambuzi aliye mbali kusema chomeni. Kila uchomaji unahitaji kibali cha mamlaka ya hewa, upepo unaofaa, unyevu unaofaa na watu wa kutosha, na siku ambazo yote hayo yanakutana ni chache. Hata hivyo moshi wa 2020 na 2021 ulishuka bondeni humohumo, kwa wiki nyingi, bila kibali cha mtu. Moshi utakuwepo. Kinachoweza kuamuliwa ni kama utatolewa kwa vipimo, huku watu wakitahadharishwa, au utakuja wote kwa wakati mmoja.

Na hapa niwaonye wasomaji wa kwetu wasilichukue somo hili zimazima hadi Kilimanjaro. Nasi tuna jitu letu. Kwenye bonde moja lenye mwinuko mkali la mlima huo, mtafiti Andreas Hemp na wenzake walipima mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016: ndio mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika wakati huo, na umepungukiwa na Sherman kwa mita mbili na kidogo, ingawa kwa unene haukaribii. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 500 hadi 600. Mkukusu haukukulia motoni. Unaishi kwenye bonde lenye unyevu na udongo wa volkano, na moto kama ule uliotafuna miteremko ya juu ya Kilimanjaro Oktoba 2020, miezi miwili baada ya Castle kuwaka, hauna la kuusaidia. Hatari zake ni msumeno wa mbao haramu na ukavu wa msitu. Kila mti mkubwa una maisha yake, na mlinzi asiyeyajua huua kwa bidii, kama walivyofanya wazimamoto wa California kwa karibu karne nzima.

Mgeni anaingia wapi? Sequoia hupokea watu takriban milioni moja kwa mwaka. Tangu mwanzo wa 2026 wasio wakazi wa Marekani wanatozwa dola 100 za ziada kwa kila mtu kwenye hifadhi 11, zikiwemo Sequoia, Kings Canyon na Yosemite. Mtanzania hana pa kulalamikia hapo, maana kwenye mageti yetu mgeni amekuwa akilipa mara nyingi ya mwenyeji tangu zamani. Ninachouliza ni matumizi. Februari 2025 serikali ya Marekani iliwaachisha kazi wafanyakazi takriban 1,000 wa hifadhi za taifa kwa mkupuo, na ingawa baadhi walirudishwa, hifadhi haichomi msitu kwa risiti za getini. Inauchoma kwa watu wenye uzoefu, wanaojua mteremko upi ulichomwa lini. Mgeni naye angesaidia kwa kuacha kudai msitu wa kadi ya posta. Akikuta njia imefungwa na moshi unafuka kati ya mashina, asiandike malalamiko. Na baada ya kupiga picha kwenye uzio wa Sherman, angepata elimu zaidi akiendesha gari hadi mahali anapoweza kuiona miteremko ya Redwood Mountain iliyoungua, mashina meusi yasiyo na kibao.

Miteremko hiyo ndiyo iliyozua ugomvi wa sasa. Penye moto mkali mno koni zenyewe ziliteketea pamoja na mbegu, na kwenye baadhi ya maeneo miche iliyoota ni michache kuliko inavyotakiwa. Mwaka 2023 hifadhi iliamua kupanda miche ya misekwoya kwenye makundi kadhaa yaliyoungua vibaya. Baadhi ya mashirika ya mazingira yalipinga, mengine yakaenda mahakamani, yakisema maeneo hayo yanalindwa na sheria ya nyika ya 1964, kwa hiyo mkono wa mtu usiyaguse na msitu uachwe uamue wenyewe. Ni hoja ya heshima, lakini naona imechelewa. Mkono wa mtu uligusa pale kila ulipozima moto kwa zaidi ya miaka 100, na uligusa tena kwa kuipasha hewa joto. Ningepanda, penye uhaba wa miti mama tu, kwa mbegu za makundi hayohayo, na fedha za uchomaji wa miongo ijayo zikiwa zimetengwa kwenye bajeti kabla ya mche wa kwanza kufukiwa, kwa sababu msekwoya mchanga uliozungukwa na vichaka vilivyoachwa kukua bila moto hauwezi kuvumilia radi nyingine kama ile ya Agosti 2020.